Vyuma vya Zege

Nilianguka na tofali mkononi. Tofali halikupata hata ufa. Mimi ndiye niliyelala kifudifudi, shavu kwenye mchanga, mgongo unawaka kama nimechomwa na nondo iliyotoka motoni. Wenzangu wanne walinibeba juu ya ubao wa jukwaa, na Kasuku, ambaye hajawahi kubeba kitu mdomo ukiwa umefungwa, alitangaza njia nzima mpaka kwenye gari: "Tupisheni jamani, kona inapita. Tupisheni, kona inahama."

Kona ni jina langu la kazini. Asiyejua ujenzi nimweleze. Ukuta hauanzwi katikati. Fundi mmoja anainua kona kwanza, kozi saba, yaani mistari saba ya matofali, anaipima kwa timazi na pima maji mpaka iwe wima kama askari. Kona mbili zikishasimama, kamba inavutwa kutoka hii mpaka ile, na wengine wanajaza matofali kufuata kamba. Kona ikiwa mbovu, ukuta wote mbovu, hata wangejaza malaika. Nilipewa kona ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa nina arobaini na tisa. Shule niliacha darasa la sita na sikulia. Ninachojua nimekijua kwa jicho na mkono.

Nililala wiki tatu. Niliporudi kazini, natembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani, msimamizi wetu alinipokea na funguo. Msimamizi huyo tunamwita Kofia, kwa sababu ile kofia yake ngumu ya njano haitoki kichwani, hata anapokula.

"Kaa getini, Kona," akasema. "Andika magari yanayoingia na yanayotoka. Kiti kipo, kivuli kipo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upumzike."

"Nimepumzika wiki tatu. Nimepumzika mpaka godoro limenichoka."

"Basi pumzika ukiwa umekaa." Akaniangalia kwa huruma, na huruma ya Kofia inauma kuliko matusi yake. "Ndugu yangu, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kona zote anachukua Kasuku. Hata kwenye jengo jipya."

Mafundi walikuwa wanakunywa chai, wote masikio wazi. Nilijua nikizipokea funguo zile na kunyamaza, sitazirudisha tena. Nimewaona watu wa getini. Anaanza na wiki moja, anamaliza na mkongojo.

"Jengo jipya linaanza lini?" nikauliza.

"Wiki kumi na nne, mvua ikituacha."

"Siku ya kwanza ya matofali, nipe kona moja. Kozi saba, kabla ya saa sita mchana. Nikikaa chini hata mara moja, nitalinda geti lako mpaka liote kutu."

"Na usipokaa?"

"Funguo utazichukua mwenyewe, na kona ni zangu."

Kofia akacheka, akawageukia wengine. "Mmesikia? Mimi nimekubali. Msije kusema nilimwonea mgonjwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunga mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu kumi na tisa.

*

Kwenye kliniki ya viungo nilimkuta mwanamke mfupi mwenye vidole kama koleo la seremala. Alinibonyeza kila mfupa wa mgongo, akanifanya niiname, nisimame, ninyanyue mguu huu na ule. Kisha akaangalia picha ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakuna kilichovunjika," akasema.

"Basi mbona siwezi kufunga kamba ya kiatu?"

"Kwa sababu umebeba vitu miaka yote hiyo mgongo umepinda kama ndoano. Misuli ya nyuma haijafundishwa kitu. Kazi iliyokuwa yake umeipa mifupa."

"Mimi nabeba mfuko wa saruji peke yangu, dada."

"Ulikuwa unabeba. Leo umeletwa na mkeo."

 Mke wangu, pembeni, alikuwa anaangalia dari ili asicheke.

Yule mtaalamu alinipa karatasi yenye michoro ya jamaa mmoja mwenye upara anayefanya mazoezi matatu na vyuma viwili vya mkononi. La kwanza, anasimama miguu imeachana kiasi cha nyonga, anasukuma makalio nyuma kama anayefunga droo kwa makalio, mgongo umenyooka, vyuma vinashuka mpaka chini kidogo ya magoti, kisha anasimama. La pili, ameinama vilevile, anavuta viwiko nyuma kama anayepiga msumeno. La tatu, anafungua mikono pembeni kama kuku anayetaka kuruka.

"Ukivuta, bana mifupa ya mabega nyuma kama umeshika kalamu katikati yake," akasema. "Vyuma vya kilo mbili kila mkono. Nyumbani, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa pili tutaongeza."

"Kilo mbili ni mwiko wa kujengea na udongo wake."

"Basi anza na mwiko."

Hakuwa anatania. Ila mimi nilichukulia ni utani.

*

Vyuma vya dukani sikununua. Fundi wa zege kwenda kununua uzito ni sawa na mpishi kwenda kuomba chumvi. Nilichukua makopo manne ya plastiki ya rangi na vipande viwili vya bomba la plastiki. Kopo huku, kopo kule, bomba katikati la kushika. Nikachanganya zege langu kwa kipimo ninachokijua, kokoto, mchanga, saruji, nikamwaga, nikashindilia kwa kijiti, nikayafunika kwa gunia lenye maji yasipasuke. Baada ya siku chache nilikuwa na vyuma viwili visivyo na chuma.

Visivyo na chuma, isipokuwa kimoja. Makopo mawili yalikuwa madogo kidogo kuliko mengine. Nikaona chuma cha makopo hayo kitakuwa chepesi, basi nikatumbukiza ndani ya zege vipande vya nondo ili kilingane na mwenzake. Vipande vingapi? Vilivyotosha. Nilikinyanyua, nikanyanyua na kile kingine, jicho likasema sawa, mkono ukasema sawa. Mke wangu akasema nikavipime.

"Miaka ishirini na saba napima kwa jicho," nikamwambia. "Ukuta gani wangu umeanguka?"

"Ukuta hapana," akasema. "Wewe ndiye umeanguka."

Yeye ni mpishi wa shule. Ananyanyua sufuria za watoto mia tatu kila siku na hana karatasi ya mtu mwenye upara. Kwa hiyo nilimwacha aseme.

Tatizo lilikuwa mahali pa kufanyia. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na sebuleni, dirishani, yupo mama mkwe na cherehani yake. Amekaa nasi mwaka wa nne sasa, tangu miguu yake ikatae ngazi za kwake. Ameshona makoti na suti maisha yake yote, na bado anapokea kazi. Sasa niambie, mwanamume ainame makalio nyuma, mbele ya mama mkwe wake, akivuta mikono kama kuku? Nikaenda chumbani, kati ya kitanda na kabati, mahali ambapo ukifungua mikono yote miwili lazima mmoja utokee mlangoni. Mkono wa kulia ndio uliokuwa unatokea, chini ya pazia, na kopo la rangi.

"Kuna nini huko?" mama mkwe akauliza siku ya kwanza.

"Mazoezi, Mama."

"Ya nini?"

"Ya mgongo."

Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza. "Haya. Usitoboe ukuta tu."

Nilifanya kila siku, siyo siku tatu. Nikifika kutoka getini navua shati, naingia kati ya kitanda na kabati. Mara kumi, mara kumi na tano, mara ishirini. Kile kidogo chenye nondo nilikishika mkono wa kulia kila mara, kwa sababu kilikaa upande wa mlango na mkono wa kulia ndio uliokuwa karibu nacho. Nilitoka jasho mpaka sakafu ikaloa. Nilikuwa na hasira, na hasira ni mafuta mazuri. Kila nilipovuta nilimwona Kofia ananikabidhi zile funguo.

Getini mambo yalikuwa yaleyale. Madereva walizoea kunirushia karatasi dirishani bila salamu. Kasuku alikuwa akipita na toroli anasimama kunipa habari ambazo sikuomba.

"Kaka, kona ya leo imetoka kama imechorwa."

"Nimeiona. Ina tumbo."

"Tumbo unalo wewe, unakaa sana."

Hakuwa mtu mbaya. Tulianza kazi mwaka mmoja, tumekula sahani moja. Lakini alikuwa amesimama mahali pangu, na mtu aliyesimama mahali pako hata akikupa maji unaona yana chumvi.

*

Wiki ya tano maumivu yalirudi. Hayakuwa yale ya kuungua. Haya yalikaa upande mmoja, kulia, chini ya mbavu, kama mtu ameniingiza msumari na kuupinda. Asubuhi nilivaa shati nikiwa nimeegemea kabati. Nilifanya mazoezi zaidi, yakazidi. Siku moja nilivitupa vile vyuma uvunguni, nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza nikawaza kwamba kiti cha getini si kibaya. Kina mgongo, kina kivuli. Mshahara umepungua, lakini watoto wetu wawili wamekwishajitegemea, na tumbo langu na la mke wangu hayali mengi. Nikaanza kujipangia maneno ya kumwambia Kofia ili yasisikike kama nimeshindwa.

Nilipita sebuleni kwenda kunywa maji. Mama mkwe akaacha kushona.

"Mkwe," akasema, "simama hapo hapo."

Nikasimama.

"Geuka uangalie mlango."

Nikageuka.

"Bega lako la kulia limeshuka. Ukija kwangu kushonewa koti leo, ningeweka pamba upande mmoja."

"Ni uchovu tu, Mama."

"Uchovu hauchagui bega. Mwezi uliopita yalikuwa sawa. Mimi mabega nayajua, mwanangu, nimeyashonea miaka arobaini." Akamwita binti yake kutoka jikoni. "Njoo umpime mumeo."

"Nampima na nini?"

"Si ana ile kamba yake ya kupimia kuta? Kinyozi hajinyoi, lakini wembe wake mwingine anaweza kuushika."

Nikataka kukataa. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye ninayewaambia vibarua kila siku: usibishane na timazi. Mke wangu akaitoa kwenye mfuko wangu wa vifaa, kamba na kile kipande cha shaba kilichochongoka mwishoni. Akaitundika kwenye msumari juu ya fremu ya mlango. Nikaambiwa nivue shati, nisimame nimeipa kamba mgongo, visigino pamoja.

Hapo mama mkwe akageuza kiti chake, akaangalia ukuta. Hawezi kumwona mkwe wake kifua wazi, ila kuamuru anaweza.

"Weka alama ya chaki kila mfupa," akauambia ukuta. "Kuanzia shingoni. Umeweka?"

"Naweka, Mama."

"Usimtekenye."

"Hatekenyeki huyu, nimejaribu."

"Hayo sikuuliza. Alama ya juu iko wapi na kamba?"

"Imekaa sawasawa."

"Ya katikati?"

Mke wangu akasogea karibu. Nikasikia kidole chake kinapima mgongoni. "Imetoka nje. Kidole kimoja na nusu."

Kidole kimoja na nusu. Ukuta uliotoka kidole kimoja na nusu mimi nauvunja, sijali nani ameujenga. Nilibaki nimesimama pale kifua wazi, nimetiwa chaki kama ng'ombe wa mnada, na nikaelewa bila kuambiwa. Nikaenda uvunguni, nikatoa vile vyuma viwili, nikavaa shati na kutoka navyo mpaka kwa muuza mkaa, mlango wa tatu, mwenye mizani.

"Siku hizi unauza mawe?" akauliza.

"Pima."

Kikubwa: kilo tano. Kile kidogo chenye nondo: kilo sita na nusu.

Kilo moja na nusu zaidi, upande mmoja, kila siku kwa wiki tano. Na niliambiwa kilo mbili. Nilisimama mbele ya mizani ya mkaa, na sikuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kofia hakunifanyia hivi. Mgongo wangu haukunifanyia hivi. Jicho langu, lile jicho lililonilisha miaka ishirini na saba, ndilo lililoniinamisha upande kama nguzo iliyogongwa na lori.

Nilikivunja kile kizito uani kwa nyundo na patasi. Kilikataa kuvunjika, maana zege langu huwa zuri hata likiwa la kipumbavu. Nilipiga mpaka nondo zikatoka. Kisha nikachukua chupa mbili za plastiki, nikazijaza mchanga mkavu, nikarudi kwa muuza mkaa, nikamwaga na kuongeza mpaka mizani ikasema kilo mbili na kilo mbili. Hakucheka. Nadhani aliona sura yangu.

Yule mtaalamu wa kliniki nilimwambia yote. Aliandika kitu kwenye faili langu.

"Umeandika nini?" nikauliza.

"Nimeandika kwamba mgonjwa ni fundi," akasema. "Pumzisha wiki moja. Kisha kilo mbili. Siku tatu. Unajua kuhesabu mpaka tatu?"

*

Zikabaki wiki nane. Kilo mbili ni aibu kwa mikono iliyozoea saruji, nakubali. Lakini ukivuta polepole, ukibana ile kalamu isiyokuwepo, ukashusha polepole kuliko ulivyopandisha, hata chupa ya mchanga inakufundisha adabu. Nilianza kuisikia misuli ambayo sikujua ninayo, pembeni mwa uti wa mgongo, inaamka mmoja mmoja kama wafanyakazi wa zamu waliokuwa wamelala. Wiki ya tatu nikaongeza mchanga, nikapima. Wiki ya tano nikapata chupa kubwa, nikapima. Kila Jumapili mke wangu alinitundikia timazi na mama mkwe akaangalia ukuta.

"Ya katikati?"

"Nusu kidole."

"Endelea."

Na nilihama kutoka kati ya kitanda na kabati. Nikafanyia sebuleni, nimevaa fulana, mbele ya dirisha, nafasi tele. Mama mkwe alishona amenipa mgongo, akawa ananihesabia. Nikiiba moja ananirudisha nyuma. Jirani mmoja alichungulia dirishani akauliza kama naanza kuwa mwanamichezo kwenye umri huu. Nikamwambia umri huu ndio wenyewe, ule mwingine niliutumia vibaya.

Wiki ya mwisho, alama zote za chaki zilikaa chini ya kamba.

*

Siku ya kwanza ya matofali hakukuwa na mvua. Msingi ulikuwa umekauka vizuri. Kofia alitupa kona mbili za mbele, Kasuku kushoto, mimi kulia, na watu wakajipanga kama wanasubiri harusi. Saa mbili kamili tukaanza.

Kozi ya kwanza ndiyo inayoua. Unajenga kwenye kifundo cha mguu, kila tofali unalitoa chini na kuliweka chini. Zamani nilikuwa nachomoa tofali kwa kiuno, mguu huku, kichwa kule, haraka haraka. Safari hii nilisimama miguu kiasi cha nyonga, nikafunga droo kwa makalio, nikalivuta tofali mpaka tumboni, nikasimama nalo. Kutandaza udongo nikapiga goti moja.

"Umekaa," Kofia akasema juu yangu.

"Nimepiga goti. Makalio yangu yako hewani, njoo uyapime."

Watu wakacheka. Kofia akakuna kofia, siyo kichwa. "Haya. Goti ruksa."

"Kaka," Kasuku akaniita kutoka kona yake, tayari yuko kozi ya pili, "unajenga au unasujudu?"

"Vyote. Naomba kona yako isianguke."

Nilikwenda polepole. Kozi ya pili. Ya tatu. Jua likapanda. Kozi ya nne nilikuwa nimeshaanza kujisahau, na mazoea ni mchawi: karai la udongo lilikuwa nyuma yangu chini, nami nikageuka kuchota kwa kiuno, tofali bado mkono wa kushoto. Mgongo ukanishika. Hapo hapo, pale pale pa zamani.

Niliweka tofali. Nikasimama wima. Sikusogea. Nikabana mabega nyuma, kalamu, nikahesabu kwa sauti ya mama mkwe, moja, mbili, tatu. Hata Kasuku aliacha kujenga akaniangalia. Nilipofika saba nikasikia kitu kinaburutwa kwenye mchanga. Kofia alikuwa ameleta kiti changu cha getini. Akakiweka karibu yangu, taratibu, kama mtu anayemletea mgeni.

"Kaa, Kona," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna atakayekucheka. Kozi nne si haba. Mimi mwenyewe nitawaambia ulijitahidi."

Na nadhani alimaanisha. Ndiyo maana nikakasirika vizuri.

Nikamaliza kuhesabu, kumi. Nikashusha pumzi. Yale maumivu yalikuwa yamelegea. Yale mengine ya zamani yangekuwa bado yananipigisha mayowe. Nikainama kwa nyonga, nikashika karai la udongo kwa mikono yote miwili, mkono sawa na mkono, nikalinyanyua, nikaliweka juu ya kiti. Likakaa vizuri, usawa wa kiuno changu. Nikachota mwiko bila kuinama, bila kujipinda, nikatandaza kozi ya tano.

"Asante kwa meza, bosi," nikamwambia.

 Kibarua mmoja akaanza kucheka, akaambukiza wengine.

Tangu hapo kazi ilikwenda. Ukuta ulikuwa umeshafika usawa wa paja, karai liko kiunoni, na mimi nilikuwa nimesimama kati ya viwili hivyo kama mtu mwenye akili. Kozi ya sita. Nilisikia Kasuku anatangaza kwamba amemaliza saba, kisha anadai maji. Sikugeuka. Kozi ya saba niliiwekea tofali la mwisho ikiwa bado robo saa kufika saa sita, nikaligonga kwa mpini wa mwiko, nikarudi nyuma hatua mbili. Kwa miguu yangu.

Kofia alipima mwenyewe. Aliitundika timazi pande zote mbili, akafunga jicho moja, akafunga na lile lingine. Akaweka pima maji juu. Akaenda kwa Kasuku, akapima ya kule, akarudi.

"Iko wima," akasema. "Zote mbili ziko wima. Ila Kasuku amekutangulia nusu saa."

"Hukusema mbio. Ulisema kozi saba, kabla ya saa sita, bila kukaa."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Na wewe ulikubali, mbele ya watu kumi na tisa. Waulize aliyekaa leo ni nani."

Tukageuka wote. Kasuku alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali, miguu ameinyoosha, kopo la maji mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa kiunoni, nyuma, unakandakanda. Alipoona tunamwangalia akautoa haraka.

Nikazitoa zile funguo mfukoni, nikazitundika kwenye msumari wa kamba, kwenye kona yangu, udongo wake bado mbichi. Kofia alizitazama kidogo. Kisha akazichukua mwenyewe, kama tulivyopatana.

"Na kiti kirudi getini," akasema, ili aseme la mwisho.

"Kiti hakirudi. Kina kazi."

Hakubisha. Aliondoka na kofia yake, na mpaka leo kile kiti kinazunguka na mimi kona kwa kona, kimejaa udongo mpaka rangi yake haijulikani. Getini wamenunua kingine.

Jioni nikikusanya vifaa, Kasuku alikuja kusimama karibu yangu. Alizungumza kwanza kuhusu saruji, kisha kuhusu mvua, kisha kuhusu mtu ambaye wala simjui. Nikamwacha azunguke. Mwishoni akafika.

"Kaka, nasikia una vyuma. Vya zege. Unaweza kunimwagia na mimi?"

"Mgongo?"

"Aa, siyo mgongo. Tahadhari tu."

"Unauma tangu lini?"

Akaangalia pembeni. "Tangu mwaka juzi."

Mwaka juzi. Mtu anayesema kila kitu, hilo moja alilimeza miaka miwili, kwa sababu alijua kiti cha getini kiko wapi.

"Njoo Jumapili," nikamwambia. "Nitakuonyesha. Utaanza na kilo mbili."

"Mbili?" Akajinyoosha, akapiga kifua. "Mimi? Kwa jicho tu mimi mtu wa kumi."

"Mbili," nikasema. "Na tutapitia kwanza kwa muuza mkaa."